Koplo Anayefumua Vyeo vya Wenzake

Saa mbili asubuhi, sajenti mmoja anaingia kibandani, anavua kofia na kulaza shati la kijeshi juu ya cherehani.

"Shikamoo, fundi. Zitoe."

"Marahaba." Fundi haulizi sababu. Anachukua wembe na kuanza kufumua tepe tatu za mkononi, uzi baada ya uzi, asije akatoboa kitambaa. "Lakini umesikilizwa?"

"Nimesikilizwa. Nilikuwa na wakili, na nimekata rufaa. Nitunzie hizo, huenda ukazirudisha."

Sajenti akishaondoka, fundi anaziweka tepe katika droo ya cherehani.

"Mimi zangu hazikufumuliwa," anasema. "Zilinyofolewa gwarideni, na mkono wa shati ukaja nazo."

Jirani zake hapa nje ya kambi humwita Koplo, cheo alichovuliwa miaka ishirini na sita iliyopita. Alikuwa mkuu wa zamu bunduki moja ilipopotea ghalani. Kesi yake haikufika dakika kumi: meza moja, kamanda mmoja, shahidi hakuna, wakili ndiyo kabisa.

"Aliniuliza, 'Una la kusema?' Nikafungua mdomo. Akasema, 'Inatosha.'"

Alichapwa viboko kumi na viwili mbele ya kikosi kizima, akafukuzwa jeshini na kufungwa miezi minane. Wiki ya tatu ya kifungo, bunduki ikaonekana chini ya kiti cha lori. Hakuna ofisa aliyekwenda kumwambia. Alinong'onezwa na mpishi wa gereza. Kifungo akakimaliza chote.

Siku hizi viboko vimefutwa, na askari hahukumiwi bila kutetewa. Koplo anawafurahia vijana, ila furaha yenyewe ina mwiba: sheria mpya haitazami nyuma. Ameandika barua nne. Masijala hujibu kwamba faili halionekani.

"Mvua imekuja," anasema, "mimi shamba lilishakauka."

Mkewe, anayepiga pasi pembeni, hainui macho. "Mwaka mzima alilala kifudifudi. Mgongo ulipona. Mwenyewe bado."

Mwezi ujao Koplo atapeleka barua ya tano, kwa mkono wake. Haombi fidia wala cheo. Anataka karatasi moja isemayo hakuiba, isomwe kwa sauti katika uwanja uleule alikochapiwa.

"Baba, waliokuwepo siku ile wengi wameshakufa," mkewe anamkumbusha.

"Basi wasomewe waliopo."