Springi za Shemeji Mervyn

Verna Pascoe hakuzoea kuomba msaada. Mumewe Col alipofariki, majirani wa mji wao mdogo wa Burrawye walimletea keki na nyama za kuoka. Alikula, akarudisha vyombo vimeoshwa, kisha akampakia farasi wake Deacon kwenye trela na kwenda mashindanoni peke yake. Lakini mwaka huu mlango wa nyuma wa trela, ule unaoshushwa chini farasi akapandia, ulimshinda. Akiushusha aliruka pembeni usimponde miguu. Kuuinua ndiyo ilikuwa balaa. Alitia bega, akatia goti, akatia na matusi.

Binti yake Leanne, muuguzi aliyetoka mjini kumtembelea, alimkuta katika mieleka hiyo.

"Mama, huna nguvu tena," alisema. "Siku ya maonyesho ya kilimo ukishindwa kuufunga mwenyewe, tumuuze farasi."

Kwa kiburi chake Verna akakubali. Kisha akaenda zizini kulia, Deacon akimtafunia kola ya shati.

Habari zikavuja. Wanaume wa Burrawye hakuna kinachowachangamsha kama kitu cha mjane kilichoharibika. Walikuja na bia zao, wakalizunguka trela wamekunja mikono. Mmoja alipendekeza winchi, mwingine akasema anunue farasi mdogo zaidi. Wa kujaribu kuuinua mlango wenyewe hakutokea.

Aliyeshinda mjadala ni shemeji yake Mervyn, mdogo wake Col, mwenye banda lililojaa vitu vilivyong'olewa kwenye vitu vingine. Alileta springi mbili nene za mlango wa gereji. Kwamba zilifaa hakukuwa na shaka, kwa kuwa tayari alikuwa nazo, na kwa Burrawye huo ndio ufundi wenyewe. Alizifunga kwa skrubu, ncha moja kwenye fremu ya trela na nyingine kwenye ubao wa juu wa mlango, akajipangusa mikono.

"Shemeji, una hakika?" Verna aliuliza.

"Wewe simama hapo uone."

Alifungua komeo. Mlango haukushuka. Mervyn akauning'inia hadi ukalala chini, wenzake wawili wakaukalia, na wote wakakubaliana kwamba kazi ni safi. Wakainuka kwenda kufungua bia nyingine. Hapo springi zikaung'oa ubao wa juu pamoja na mpira wake wa kuzuia farasi asiteleze, ukaruka juu ya tangi la maji na kutua katikati ya kuku.

Mervyn alisema sasa imekaribia kukaa sawa.

Verna hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti akitazama pale ubao ulipotoka. Chini yake kulikuwa na mpira mwingine, na ubao mwingine uliooza. Akauchokonoa kwa bisibisi, akakuta mwingine tena, umelowa maji ya mvua za miaka. Col huyo. Kila ubao ulipooza alipigilia mpya juu yake, kwani kung'oa kitu kinachoweza kufunikwa aliona ni ufujaji. Verna alimkasirikia marehemu, kisha akatamani awepo ili amgombeze vizuri. Muda wote huo alikuwa akijilaumu kwa uzee, kumbe mlango ndio ulionenepa.

Alibandua takataka zote, akaweka ubao mmoja mpya na mpira mmoja. Springi akamrudishia Mervyn.

Siku ya maonyesho Leanne alisimama nyuma ya trela kama msahihishaji wa mtihani. Verna aliuinua mlango kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na pai ya nyama, akafunga komeo. Leanne akafungua, akainua mwenyewe, akafunga tena.

Upande wa pili wa uwanja Mervyn alikuwa akipokea pongezi za springi zake. Zile mbao za Col alikuwa amezibeba zote kwake. Mbao nzuri vile hazitupwi. Alizipigilia kwenye mlango wa trela lake la farasi, juu ya zilizokuwepo. Sasa alikuwa ameuinua hadi magotini na hapo umegoma, uso umemwiva.

"Shemeji," aliita kwa sauti ndogo, "hebu nishikie kidogo."

Verna alimpa Leanne pai, akaenda, akatia bega.

"Shemeji, huna nguvu tena," alisema, kwa sauti ya kumfikia binti yake. "Tumuuze farasi?"

Leanne akainamia pai, akaanza kuila.