Gari Lililochemka Njia ya Makambako

Ipo siku moja ya ujana wangu iliyokataa kunitoka kichwani, mwanangu, na leo umeniamshia kwa hiyo picha ya gari lako uliyonitumia kutoka Dar. Nimeitazama sana. Gari dogo la mbio, la watu wawili, la zamani kuliko wewe, nawe umelifufua mpaka linang'aa. Hongera, vyaelea vimeundwa. Halafu unaniuliza, "Baba, mbona linachemka? Nifanye nini lipoe?" Haya, kaa kitako nikujibu. Usiniharakishe, maana jibu lenyewe ni refu na wewe huna mazoea ya kukaa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Mimi ni Mhehe wa Tanangozi, unajua, pale njiani kabla hujafika Iringa, lakini kazi nilikuwa nafanya Mbeya, kwenye gereji ya Mzungu mmoja. Mzungu huyo alinunua gari la mbio lililolala ghalani tangu kabla ya vita, kuku wakitagia kwenye viti. Tulilifungua lote, nati kwa nati, tukalisuka upya. Naye akataka likimbie kuliko lilivyozaliwa. Basi tukalichonga silinda hedi, tukalifungia kabureta mbili, tukalipunguzia uzito kila palipopunguzika.

Ile feni ya kupoza rejeta, mimi ndiye niliyesema itolewe. "Feni ya nini? Baridi ya Mbeya yenyewe ni feni!" Wenzangu wakacheka, wakakubali. Tulikuwa tunalijaribu asubuhi za mwezi wa saba, umande umeganda kwenye majani, vidole havikamati spana. Lilikwenda vizuri ajabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba dunia si Mbeya peke yake.

Mzungu alitangulia Iringa, alikokuwa na mashindano na Wazungu wenzake Jumamosi asubuhi. Mimi akaniachia funguo. "Lifike Ijumaa kabla ya jua kuzama, na unyapara wa gereji ni wako. Lisipofika, usirudi kazini." Unyapara, mwanangu! Kijana mweusi, enzi zile! Usiku ule sikulala.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako sikumsimulia vizuri. Njia ya Iringa inapita mlangoni kwetu Tanangozi, na mimi nilikuwa nimepanga kupita bila kusimama. Mama yangu alikuwa pale, peke yake tangu baba afariki. Miaka ilikuwa imepita sijakanyaga. Si kwamba sikumpenda, la hasha. Nilijiambia nitarudi nikiwa mtu, mnyapara, na mfuko wa sukari na shuka mpya begani. Kila mwaka nikaisogeza safari kwenye mwaka unaofuata. Mkataa kwao mtumwa, wahenga wamesema, lakini mimi sikujiona mkataa kwao. Nilijiona mtu mwenye shughuli.

Nikaondoka alfajiri, peke yangu. Nilidhani ningefurahi. Kumbe kuendesha gari zuri bila mtu wa kumwambia "ona!" ni upweke mtupu. Watoto wa njiani walipunga mikono, nikapita, vumbi likawafunika. Nikateremka Usangu, na huko ndiko nilikokutana na joto. Nilipovuka Igawa na kuanza kupanda kuelekea Makambako, moshi mweupe ukatoka kwenye boneti, na injini ikaanza kugonga kwa ndani. Nikalizima mbele ya nyumba moja ya nyasi iliyokaa yenyewe kando ya barabara.

Kabla sijashuka, bibi mmoja alikwisha kutoka. Alitoka mbio, kwa umri wake, anajifunga shuka safi huku akija. Akafika karibu, akanitazama usoni, na uso wake ukazima. "Kamwene," akanisalimu, kama tunavyosalimiana sisi na Wabena.

Mimi nikasema, "Bibi, maji."

Salamu sikuitikia, mwanangu. Akili yote ilikuwa kwenye rejeta. Akaingia ndani, akaleta maji kwenye kibuyu, maji ambayo baadaye nilikuja kujua mto wake ulikuwa bondeni mbali. Nikayaweka chini. Sikuyamimina. Fundi nilijua kwamba injini iliyochemka hasa huitii maji ya baridi, utaipasua. Lazima uisubiri. Basi nikasimama kandokando ya gari, namgeuzia yule bibi mgongo, naligusagusa boneti kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Bibi alikaa kizingitini akinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe kijana, hicho chuma unakisubiri kipoe. Mimi hata salamu yangu hukuisubiri imalizike."

Nikageuka. Akaendelea, wala hakupaza sauti. "Chuma unakipa subira, mtu unamnyima. Nani alikufundisha hivyo?"

Aibu iliyonishika! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwendea, nikapiga magoti, nikasema, "Kamwene, bibi. Nisamehe." Akanionyesha mahali pa kukaa. Akaniletea togwa. Nikanywa, naye akawa anasema polepole, akiangalia barabara. Mwanawe alikwenda Chunya kuchimba dhahabu. Alisema angerudi na gari. Basi kila gari likisimama, yeye hutoka. Mengi yanasimama pale kwa sababu ya mlima, yanataka maji.

"Wanachota, wanaondoka," akasema. "Na mama yako yupo?"

"Yupo. Tanangozi."

"Hii njia yako inapita kwake?"

"Inapita."

"Utasimama?"

Nikainuka, nikaenda kuligusa boneti. Naye akaingia ndani. Alikijaza kibuyu kingine, akanisindikiza mpaka kwenye gari lililopoa. Nikamimina maji taratibu, nikafungua boneti lote nikalifunga nyuma kwa kamba ili upepo uingie, nikamuaga kwa heshima zote. Hilo hapo ndilo jibu lako la ufundi, kama ulikuwa unalisubiri: kama umeitoa feni irudishe, na usijaribu gari pa baridi ukaliamini pa joto. Lakini sijamaliza.

Kutoka pale niliendesha polepole, sindano ya joto naichungulia. Makambako nikaipita, Mafinga nikaipita, miti ya misonobari ikinirushia baridi yake, gari likapoa kabisa. Moyo wangu ndio uliokuwa haupoi. Nilifika Tanangozi jua likiwa bado juu ya vilima. Iringa ilikuwa karibu, unyapara ulikuwa karibu. Ukweli ni kwamba nilivuka nyumba ya mama. Niliivuka, halafu mbele kidogo nikasimama, nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Nikaliacha linanguruma makusudi. Nilitaka asikie. Watoto wa jirani walikuja wakipiga kelele, watu wakachungulia. Mama hakutoka.

Nikalizima. Nikangoja. Nilikuwa nimemwona yule bibi akitoka mbio, nikajua mama naye atatoka vile vile. Hakuna. Nikaenda mlangoni nikapiga hodi kwa hii sauti yangu nzito ya ukubwani.

Alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anapukuchua mahindi. Wala hakugeuka. "Karibu," akasema. "Maji yapo mtungini. Chota tu, baba, uende."

Mwanangu, nimepigwa maishani. Nimefukuzwa kazi, nimemzika mama yako. Lakini hakuna kilichoniumiza kama sauti ile ya mama yangu, ya upole kabisa, akinikaribisha kama dereva aliyepita njia. Alikwisha kuacha kutoka. Alitoka miaka yote, gari baada ya gari, mpaka siku moja akachoka.

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Mahindi yakamtoka mkononi. Hakulia, nililia mimi. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa, kisha akasema neno moja tu: "Kaa." Nikakaa. Jua likazama nikiwa nimekaa, tukala ugali na maharage, akaniuliza habari za meno yangu yaliyokuwa yakinisumbua utotoni. Gari nikalifikisha Iringa kesho yake, mashindano yameshaanza. Unyapara akapewa mwingine, na kazi nikapoteza. Usinionee huruma. Mama aliishi mvua chache tu baada ya hapo, na kila jioni ya siku hizo nilikuwa naye.

Sasa nasaha yangu ni hii, wala sitaizungusha. Mtu anayekungoja usimwambie subiri kwanza niwe mtu. Kwake yeye umeshakuwa mtu tangu siku aliyokuzaa. Sukari na shuka vikikosekana, nenda mikono mitupu. Ukifika, salimia, itikia, keti mpaka viti vichoke. Subira unayolipa gari lako kila Jumamosi, chini ya boneti, mpe na binadamu kidogo.

Nyumba hii ya Soweto, hapa Mbeya, ni kubwa kwa mzee mmoja, sikufichi. Nasikia upweke, hasa saa za jioni. Gari likipunguza mwendo hapo nje, mimi huvaa viatu nikaenda getini. Bado natoka, mwanangu. Njoo wakati bado natoka.

Mungu akulinde barabarani, akupe mikono ya kufufua vilivyokufa, na moyo unaojua njia ya nyumbani. Watoto wako nao wasimame mlangoni kwako, wala wasikupite. Amina.