Lori Lililonivunja Mkono Riruta Halikuwapo

Hakukuwa na lori.

Haya, nimesema. Ukweli huo nimeukana mbele ya mume wangu, mbele ya akina mama wa kanisa, mbele ya daktari aliyenifunga plasta, na mbele ya Mungu pia, kwa maana nilisema amina kwa sauti wakati lori hilo likikemewa kwa maombi.

Ndugu msomaji, nisikilize kwanza, utacheka baadaye. Mimi ni mwanamke aliyepita hamsini. Nina digrii mbili, na ninakula kwa kuandika makala za kuwaasa watu wazima waache uongo. Na mkono wangu wa kushoto ulivunjika nikiwa nimesimama!

Ilikuwa siku ya kupeleka mahari kwa wazazi wa mchumba wa mpwa wa mume wangu huko Riruta. Wanawake wa upande wetu tulikuwa tumeshonewa sare za kitenge, maana siku hizi mahari bila sare ni kama hamkwenda. Fundi alinipima, akanitazama, akaamua kuwa mimi ni mwembamba. Sketi ikatoka imebana magotini hivi kwamba nilitembea kama mtu aliyefungwa kwenye gunia.

Mume wangu, Baba Wanja, alitangulia na gari na kreti za soda. Mimi nikasema nitakuja na skuta yangu. Naivasha Road siku ya Jumamosi mnaijua kwa foleni.

Nilitoka nyumbani Mountain View nikiwa nimeikunja sketi hadi mapajani, ndani nimevaa suruali ya mazoezi. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili timamu. Lakini kona moja kabla ya kufika nikasikia wenzangu wakiimba. Walikuwa nje ya lango la wenyeji, wakiimba wafunguliwe kama ilivyo desturi, na wazee wetu wamepanga foleni nyuma yao. Nikajiuliza: mke wa mtu atawatokea wazee na sketi kiunoni?

Basi nikasimama, nikaishusha sketi vizuri, nikabana magoti pamoja kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, nikaondoka polepole. Hatua chache mbele kuku akavuka na vifaranga vyake. Nikafunga breki. Skuta ikasimama salama salimini. Nikatoa mguu nikanyage chini.

Mguu ulitaka kutoka. Sketi ilikataa.

Nilikaa hewani muda wa kutosha kuyatafakari maisha yangu, kisha nikaanguka taratibu, kama kabati, juu ya rundo la kokoto za mtu anayejenga. Kuku alinitazama akaenda zake.

Nilipojikokota hadi langoni, nimejaa vumbi, mkono umening'inia, wimbo ulikatika.

"Woi! Mama Wanja! Ni nini imekugonga?"

Hapo ndipo nilipokosea. Wenzangu wote walikuwa wamevaa sketi ileile na wote walikuwa wima. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Lori," nikasema.

Laiti ningefunga mdomo! Wajomba wa bwana harusi walitoka mbio na fimbo zao za heshima, wakamsimamisha dereva wa lori la maji aliyekuwa akijipitia kwenda kumwuzia mtu maji. Wakamzingira, mmoja amekwisha kumchomolea ufunguo.

"Ulimwona mama wa watu ama hukumwona?"

"Wazee, mimi nimetoka hapo tu kwa kona, niulizeni pole pole!"

Ningeweza kuumaliza uongo papo hapo. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mgonjwa, "Si hilo. Lile lilikuwa kubwa zaidi."

Tangu hapo lori halikuacha kukua. Akina mama wa kanisa walipokuja kuniona na unga, sukari na majani ya chai, kila kundi lilitaka kusimuliwa upya, na mtu aliyekuletea sukari huwezi kumpa hadithi ndogo. Likaongezewa trela. Likabeba vyuma. Siku mchungaji alipokuja, halikuwa hata na taa. Akaniwekea mkono kichwani akatangaza kwamba dada huyu hatapanda tena chombo cha magurudumu mawili, na sebule nzima ikasema amina, yangu ikisikika kuliko zote.

Baba Wanja alisubiri wageni waondoke. "Umesikia mwenyewe. Hiyo kitu iuzwe."

Skuta yangu! Niliinunua watoto walipohama, nyumba ilipokuwa kimya hadi friji ilikuwa ikinishtua. Kila asubuhi niliteremka nayo Waiyaki Way hadi katikati ya jiji, upepo ukiingia kwenye mikono ya koti, na kwa huo mwendo mfupi sikuwa mama wa mtu wala mke wa mtu. Na sasa ningeiokoa kwa sentensi moja tu, kwamba niliangushwa na sketi. Nilifanya hesabu ya aibu na hesabu ya skuta, na aibu ikashinda. Hata plasta ilipokwisha kutolewa, aliponiambia amepata mnunuzi wa Kangemi atakayekuja Jumatatu, nikasema sawa.

Kama uongo huo ungeniumiza mimi peke yangu, nisingekuwa nawaandikia. Lakini nina jirani katika jengo letu, Jaswinder, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye skuta ya buluu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa kuegesha magari, akinifokea kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Tulizoea kwenda pamoja Jumamosi alfajiri hadi Biashara Street, tunakunywa chai, tunawasengenya watoto wetu, tunarudi.

Alikuja kuniona na bakuli la kichiri, ule wali wao wa dengu, mwanawe Manjit akiwa nyuma yake.

"Dada, hiyo lori ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu," nikajibu. Sijui ilikotoka hiyo nyekundu.

Manjit aliguna. Wiki hiyohiyo akamnyang'anya mama yake ufunguo.

"Anasema kama lori imegonga wewe, na wewe unaendesha kama konokono, mimi itanilamba," Jaswinder aliniambia kwa simu. "Sasa ananibeba kwa gari kama kreti ya mayai. Ananifunga mkanda yeye mwenyewe! Mimi, dada! Mimi nimezaliwa Ngara, nimeendesha baiskeli Ngara yote, leo nafungwa mkanda na mtu nilimpangusa pua!"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya hapo nilimwona kila asubuhi kwenye baraza yake, ameketi na kikombe, akiitazama ile skuta ya buluu iliyofunikwa turubai. Wakati mwingine alinipungia mkono. Mimi nilijificha nyuma ya pazia.

Plasta ilipotolewa nikashuka kwa siri nikajaribu yangu. Niliwasha tu, kwenye maegesho, lango limefungwa. Mara breki za lori zikalia huko barabarani, na mimi nikaruka chini nikajibana nyuma ya pipa la takataka. Jamani! Nilikuwa naogopa lori nililolitunga mwenyewe. Nililisimulia vizuri mno hadi nikalisadiki. Nikakaa nyuma ya lile pipa nikijiuliza kama hofu hiyo ni ya kweli, na kama ni ya kweli, je, si afadhali kuacha? Mkono wa umri wangu hauungi haraka. Lori la uongo halijanigonga, lakini la kweli lipo pia, na halitauliza nimevaa nini.

Nilikaa hapo hadi mlinzi akaja kuniuliza, "Madam, umepoteza kitu?"

Nikamwambia ndiyo.

Wenzangu, nawaomba. Ukianguka kijinga, sema umeanguka kijinga. Watu watacheka jioni moja, kesho watakuwa na mwingine wa kumcheka. Ukijitafutia ajali ya heshima, watu watakupenda, watakuombea, na wataanza kuwafungia wengine kwa ajili yake. Kuogopa barabara ni haki yako. Ila hakikisha unaogopa kitu kilichotokea, na usimwambukize jirani hofu ya kutunga!

Jana Jumapili, saa ya chakula cha mchana, Baba Wanja akiwa mezani mbele yangu, nilimpigia Jaswinder. Manjit ndiye aliyepokea.

"Auntie, tunakula, nimekuweka spika. Wote wako hapa."

Wote! Nilitaka kukata.

"Manjit, hakukuwa na lori."

"Kumaanisha?"

"Kumaanisha hakuna lori lililonigonga. Nilianguka mwenyewe. Nilikuwa nimesimama."

Vijiko vikanyamaza huko. Na huku kwangu kimoja kikaanguka.

"Sasa ni nini ilikuangusha, Auntie?"

"Sketi."

"Sketi ya nani?"

"Yangu, Manjit."

Nikasikia mlio kama mtu anayekabwa, kumbe ni Jaswinder akicheka. Alicheka akakohoa, mtu akamtafutia maji, akanywa, akacheka tena. Baba Wanja alikuwa ameinamisha uso kwenye sahani, mabega yanamtetemeka.

"Manjit," nikamsikia Jaswinder akisema mbali na simu, kwa ile sauti ya darasani. "Leta."

"Mummy, barabara bado ni—"

"Mimi navaa sketi? Umewahi niona na sketi? Leta hapa."

Funguo zikalia. Kiti kikasukumwa. Kisha sauti yake ikanijia karibu kabisa sikioni.

"Dada. Bado unaogopa?"

"Naogopa."

"Hata mimi. Muda mrefu sijashika hiyo kitu. Sasa unapanda ama hupandi?"

Nilimtazama Baba Wanja. Alikuwa akijifuta machozi kwa leso, na mkono mwingine alikuwa ameshika simu yake, akitafuta namba ya yule mtu wa Kangemi amwambie asije.

"Napanda," nikasema.

"Basi shuka. Mimi niko kwa ngazi."