Bakuli Langu la Maua na Siku ya Chwaka

Mimi ndiye niliyebandika bei. Nataka lijulikane hilo tangu mwanzo, maana mpaka leo walimu wenzangu wananicheka. Nilichukua karatasi ya manila na kalamu nene nyekundu, nikaandika bei ya pilau, bei ya biriani, bei ya sambusa, na chini kabisa kwa herufi kubwa: HAKUNA CHA BURE. Nikaibandika ukutani kwenye uwanja wa shule yetu hapa Mji Mkongwe, nikawageukia kina mama waliojitolea kupika. "Leo hakuna shoga wala wifi," nikawaambia. "Anayekula analipa."

Tulikuwa tunaiokoa siku ya Chwaka. Kila mwaka darasa la sita huenda kijiji hicho cha pwani ya mashariki kusoma nje siku moja. Asubuhi wanaingia kwenye mikoko, kisha maji yakitoka wanatembea juu ya mchanga, wanahesabu majongoo ya bahari, wanachora kaa, wanarudi na matope mpaka masikioni. Mimi nasomesha sayansi, na naapa mtoto hujifunza mengi zaidi pale kwa saa nne kuliko ubaoni muhula mzima. Watoto wetu wa mjini bahari wanaiona kila siku, lakini wanaiona juu juu tu.

Mfadhili aliyekuwa akilipia gari alipojitoa, mwalimu mkuu alinieleza bila kuzunguka. Nikipata gari kabla ya bamvua la wiki inayofuata, wakati maji yanapotoka mbali kabisa, tutakwenda. Nikikosa, siku hiyo inafutwa kwenye ratiba na badala yake yanawekwa marudio ya mtihani. Na kitu kikishafutwa kwenye ratiba ya shule, kukirudisha ni kazi. Nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira, na kabla sijavua buibui nilikuwa nimeshaandika kwenye grupu la wazazi: Jumapili tupike, tuuze, tupate pesa ya gari.

Jumapili ile harufu ya bizari ilifika mpaka barabarani. Mimi nilipika pilau, nikalitia kwenye bakuli la bati lenye maua, la marehemu mama, nikakaa nyuma ya meza nimekaza uso. Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja anayekaa ghorofa ya pili, ng'ambo ya kichochoro. Huyu kwa miaka yote alikuwa akinipigia kelele dirishani kila watoto wanapocheza mpira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mie sikuja kula, nimekuja kujua makelele ya nini. Ati mnawapeleka watoto kuchezea matope?"

"Kusoma, bibi."

"Kusoma!" Akaguna. Kisha akainama, akanusa. "Haya, shilingi ngapi hilo pilau?"

Sasa niambieni nyinyi. Mtu mzima, umri wa mama yangu, kasimama juani na kipochi mkononi, nimtajie bei ya chakula nilichokipika kwa mkono wangu? Mdomo ulifunguka wenyewe. "Bibi, we chukua tu. Chukua na bakuli lake." Nikamfunikia kwa kawa, akaondoka nalo bila hata kugeuka.

Mama wa meza ya pili alikuwa ananitazama. Basi, ikawa ruhusa. Alipotokea mkwewe, akampakulia sahani mbili. Mama wa biriani akajiwa na mwalimu aliyemsomesha chuoni Kurani, na nani atamtoza pesa mwalimu wake wa chuo? Baada ya saa moja uwanja mzima ulikuwa "karibu, karibu", wageni wanatoa noti, kina mama wanaisukuma mikono yao. Kulikuwa na raha isiyo kifani. Saa nane meza zote zilikuwa tupu, vyombo vimekwenda na watu, na kwenye kopo la michango mlikuwa na chenji isiyotufikisha hata Tunguu, nusu ya njia.

Nilifoka. Niliwafokea wote, sauti ikapanda mpaka ikakatika. Mama wa sambusa alinisubiri nimalize, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, si wewe uliyeanza?"

Sikulala vizuri. Lakini Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, likarudi hotpoti letu moja. Kwetu jirani akikupa chakula, chombo chake humrudishii kitupu. Utatia kitu, hata sukari, hata chumvi. Sote tumelelewa hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo siku ile. Nikafunua. Ndani mlikuwa na noti zimekunjwa vizuri kwenye kitambaa safi. Nilipiga kigelegele ofisini, mbele ya mwalimu mkuu!

Vikaanza kumiminika. Sinia kutoka Bububu lilikuja na maembe, na chini ya maembe bahasha. Mwalimu wa chuo alirudisha bakuli la biriani kwa mkono wake. Seremala wa Mwanakwerekwe alileta sahani juu ya rundo la vibao alivyoviranda mwenyewe, watoto waandikie huko ufukweni. Masomo yalikuwa yanakatizwa: "Mwalimu, chombo kingine!" Nami mbio ngazini, na umri wangu huu.

Kufika Jumatano tulikuwa na maji, chakula na ujira wa mwenyeji wa kutuongoza Chwaka. Gari hatukuwa nalo. Ulikuwa msimu wa watalii, na kila mwenye kosta alitaja bei ya watalii. Safari ilikuwa iwe kesho yake. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa na ratiba mezani, na bakuli la mama lilikuwa halijarudi.

"Mwalimu!" sauti ya dirishani.

"Naam!"

"Njoo uchukue chombo chako, nshachoka kukitazama."

Nilipanda nikiwa nimenuna. Alinipa bakuli, kawa juu yake. Lilikuwa jepesi. Nikafunua, nikaona ufunguo.

"Kosta ya mwanangu," alisema. "Nimemnyang'anya ufunguo, asije akakimbilia kwa watalii. Kesho saa moja atakuja kuuchukua kwako pale Darajani, kosta ilipoegeshwa. Na kiti cha mbele changu. Nataka niyaone hayo matope."

Nilimkumbatia nikalia, akanisukuma akisema namchafulia kanga.

Huko Chwaka bibi alikaa kivulini robo saa nzima, anatazama. Halafu akavua viatu, akapandisha buibui, akashikwa mkono na msichana wa darasa la sita, akaingia matopeni. Mguu ulipozama akapiga ukelele, kisha akacheka, kisha akauliza lile linalokimbia ni dude gani. Msichana akamweleza kaa wa mikoko anavyoishi, neno kwa neno kama nilivyomfundisha.

Alipotoka, matope yamemfika magotini, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, aliyekuja nasi.

"Mwakani bamvua lini?"

Mwalimu mkuu akatafuta kalamu mfukoni, akaandika kwenye ratiba.