Mto Uliofungwa na Shemeji

Mrisho Mbonde alikuwa na majina matatu na hakuna hata moja lililomtosha. Mama yake alimwita Mrisho. Wamisionari waliomzamisha kwenye maji ya chumvi kule Dar es Salaam, mwaka 1957, wakamwita Yeremia. Aliporudi kijijini kwake, kando ya Rufiji, nusu siku kwa miguu kutoka Kibiti, watu wakauliza dini yake mpya inaitwaje. Akajibu: Baptisti. Wao wakasikia walichotaka kusikia, yaani bati, na tangu siku ile akawa Padri wa Bati.

Alijitahidi kueleza. Padri ni wa Wakatoliki, alisema, miye ni mwinjilisti tu, na Baptisti ni neno la kubatiza. Walimsikiliza kwa adabu zote, kisha wakauliza mabati yanafika lini. Mwaka wa kwanza walijiandikisha waumini thelathini na mmoja, na zaidi ya nusu walitaja urefu wa paa kabla ya kutaja jina. Masika yalipopita bila bati kuonekana, wakabaki saba. Hao saba ama waliamini kweli, ama paa zao zilikuwa bado hazivuji.

Bati pekee kijijini lilikuwa juu ya nyumba ya misheni, alimokaa yeye na mkewe Mwanasiti na watoto wao watatu. Jua likiwaka, ndani mlikuwa kama tanuri la mikate. Mvua ikinyesha, hakuna aliyemsikia mwenzake, na Mwanasiti alisema hilo ndilo jema la nyumba ile, kwa kuwa mumewe alikuwa na tabia ya kujaribu mahubiri kwa familia kwanza. Mtoto wa kwanza alikuwa Huseni kwa bibi yake na Yoshua katika daftari la misheni. Siku za kawaida alikwenda chuoni kusoma Kurani kwa sababu ndiko waliko wenzake, na Jumapili alikaa kwenye benchi la mbele kwa sababu ndiko aliko baba yake. Siku moja alipoombwa aanze sala, alianza na Bismillahi, na baba yake akasema amina mapema kuliko ilivyohitajika.

Kazi yenyewe ilikuwa miguu. Jumapili nyumbani. Katikati ya wiki Kibiti, chini ya turubai la muuza kanga, ambako aliruhusiwa kuhubiri mradi asisimame mbele ya bidhaa. Na kila mwezi mara moja Ngarambe, safari ya siku tatu kwenda na tatu kurudi, akiwapisha tembo njiani, kwenda kulihudumia kanisa la mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Bi Mwanajuma, kizee kiziwi. Kila mara, mahubiri yakiisha, Bi Mwanajuma alimshika mkono na kumwambia amesikia yote. Mrisho alirudi nyumbani, akaloweka miguu kwenye beseni, akaitazama kama anayetazama wazee wawili wasiopatana.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Ndipo, mwezi wa Mei mwaka 1960, ikaja barua ya Bwana Kalahani.

Bwana Kalahani alikuwa mmisionari Mmarekani, mrefu, mwekundu, mwenye moyo safi na Kiswahili cha miezi sita. Watu walimwona mzungu wa ajabu, maana hakuvuta kiko wala hakumgombeza mtu, na walishuku kwamba Waingereza wa bomani huwaficha wazungu wa namna ile. Safari yake ya kwanza alisimama mbele ya umati, akafungua mikono, akasema, "Ndugu zangu, nimekuja kuwazamisha nyote." Umati ukapungua kwa upole, kuanzia nyuma.

Barua ilisema hivi: Bwana Kalahani atakuja Jumapili ya pili ya Julai. Kama atakuta mke wa Yeremia amekwisha kuwa tayari kubatizwa, atambatiza, na siku hiyohiyo Yeremia atawekewa mikono awe mchungaji kamili. Kama mke bado hataki, basi haifai mtu kulichunga kundi hali nyumba yake iko nje ya zizi. Ataletwa mtu mwingine kutoka Dar es Salaam, na Yeremia atarudia kazi yake ya zamani ya kubeba magunia bandarini.

Mrisho aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda uani. Mwanasiti alikuwa anamenya muhogo.

"Anakuja Julai," akasema.

"Najua. Nimekwisha kumficha jogoo."

"Mama Huseni."

"Miye si nasali? Si naimba? Nani pale anaimba kunishinda?"

"Hakuna."

"Basi. Mungu ananisikia. Hana haja ya kuniloweka kama muhogo."

Mrisho akakaa juu ya kinu. Alijua jambo ambalo barua haikulijua. Miaka mitano nyuma, Johari, mdogo wake Mwanasiti, alikwenda kuteka maji mtoni, pale pale panapobatiziwa watu. Kilichorudi ni ndoo. Tangu siku ile Mwanasiti alichota maji kwa kata yenye mpini mrefu, amesimama mbali kama anayekoroga uji wa adui. Na dini ya mumewe, katika dini zote zilizoko duniani, ilikuwa haitosheki na maji ya kunyunyiza.

"Sikulazimishi," Mrisho akasema.

"Hunilazimishi. Unakaa tu juu ya kinu changu na uso huo." Akamenya mmoja, akamenya wa pili. "Nitaingia. Lakini kaka Shaban aufunge mto kwanza."

Shaban alikuwa mkata mikoko huko delta, mto unapoingia baharini, na kazi yake ya pili, aliyorithi kwa babu, ilikuwa kufunga mamba. Akiitwa, alichukua kamba ya ukindu, akapiga mafundo saba, akasema maneno yake, na mamba wa sehemu ile wakafumba vinywa mpaka mafundo yafunguliwe. Wakataji wote walimtegemea. Mrisho kwa upande wake alikuwa amehubiri juu ya mafundo, hirizi na kombe la kunywa kwa miaka mitatu mfululizo, na mmoja wa wale saba alikuwa bado amemnunia kwa kumtupia hirizi yake chooni.

Sasa, mhubiri wa kweli angesimama na kukataa. Mrisho alitazama miguu yake. Akafikiria magunia.

"Anaufunga siku ngapi kabla?" akauliza.

Shaban alifika Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, mwembamba, na kofia yake ya kiua, akaeleza masharti kama fundi anavyoeleza. Mto utafungwa alfajiri kwa jina la mtu mmoja, Mwanasiti. Huyo akishakuwa majini asifungue mdomo. Neno likitoka, fundo linatoka.

"Na sisi wengine?" Mrisho akauliza.

"Nyiye nanyi mamba hawatawagusa, ila sharti si lenu. Mzungu aseme anavyotaka, shauri lake."

Mrisho akaitikia kwa kichwa. Akili yake ilikuwa kwenye jambo jingine, namna ya kumficha shemeji mtu mzima mwenye kamba. Kwa hiyo hakukumbuka kwamba katika ubatizo wa Kibaptisti mtu huulizwa swali akiwa majini, na asipojibu kwa kinywa chake hazamishwi.

Jumapili kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Wale saba waliimba. Wengine wote walikuja kuona kama mke wa Padri wa Bati atatoka majini. Bwana Kalahani akaingia majini mpaka kiunoni, Mrisho akafuata, na Mwanasiti akaja mwisho, kanga imekazwa, midomo imekazwa zaidi. Mrisho alimshika mkono.

"Dada," Bwana Kalahani akasema, "unamwamini Yesu kuwa Mwokozi wako?"

Mwanasiti akamtazama.

Bwana Kalahani akadhani kosa ni Kiswahili chake, akarudia polepole. Mwanasiti akageuza macho kwa mumewe. Hapo ndipo Mrisho alipokumbuka, na maji yakawa baridi.

"Bwana, tumwulize kule juu, pakavu."

"Kwa nini pakavu? Hataki?"

"Anataka."

"Basi aseme."

Ukingoni watu waliacha hata kutafuna. Shaban, ambaye alikuwa ameambiwa ajifiche, alikuwa amechuchumaa mbele ya wote, kamba mkononi, kwa sababu fundi hawezi kuacha kazi ikiwa majini. Mrisho alitafuta uongo mzuri akakosa. Uongo nao unataka nguvu, na yeye alikuwa ametoka Ngarambe juzi.

"Bwana," akasema, "hawezi kusema kwa sababu ya kaka yake. Yule pale. Kaka yake amefunga."

Alikuwa hajafika kwenye neno mto. Uso wa Bwana Kalahani uling'aa.

"Amefunga? Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake, Bwana. Tangu alfajiri."

"Yeye Mwislamu, amefunga ili dada yake abatizwe?"

Mrisho alifungua mdomo. Neno mto lilikuwa pale, kwenye ulimi, fupi, tayari. Kulikuwa na mke wake aliyeingia kwenye maji yaliyommeza Johari, na yeye alikuwa bado ameushika mkono wake. Akafunga mdomo. Sasa wakawa wawili wasiosema.

"Na dada ananyamaza pamoja naye," Bwana Kalahani akasema, sauti imelegea. "Ni nadhiri. Naelewa. Itikia kwa kichwa tu, dada."

Mwanasiti akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, mpaka kilemba kikalegea. Akazamishwa. Akatoka, karibu atembee juu ya maji kama Petro kwa haraka ya kufika pakavu, na alipofika akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo," kila mtu akasikia.

Bwana Kalahani alimfuata, akaketi juu ya gogo, akarudisha miguu majini kuosha tope. Kisha akatoa mfukoni pakiti ya biskuti, akampa Shaban kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," akasema, "sasa fungua."

Shaban akazitazama biskuti. Akaitazama miguu myeupe ndani ya maji. Akamgeukia Mrisho.

"Shemeji, anasema nifungue."

"Ngoja," Mrisho akasema. "Bwana, toa miguu kwanza."

"Kwa nini?"

"Ni desturi."

Bwana Kalahani, mtu mwenye heshima kwa desturi, akatoa miguu. Shaban akaweka biskuti mdomoni akafungua mafundo, moja, moja, mpaka la saba.

Mchana ule Mrisho aliwekewa mikono. Ilikuwa mizito na ilinuka sabuni. Bwana Kalahani aliomba kwa muda mrefu, akamtaja na yule kaka aliyefunga, na mchungaji mpya akabaki ameinamisha kichwa hata baada ya amina, wakadhani ameguswa.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mashamba, watoto mbele, yeye viatu mkononi.

"Sijamwambia ukweli," akasema.

"Ulimwambia. Hakumaliza kusikiliza."

"Mama Huseni, nimekuwa mchungaji kwa kamba ya Shaban."

Mwanasiti alisimama akaikamua kanga yake, maji ya mto yakaingia mchangani.

"Kamba ilikuwa ya mamba," akasema. "Ile 'ndiyo' yangu ilikuwa ya Mungu. Niliisema toka nyumbani, na kule chini niliisema tena, mdomo umefungwa. Usichanganye mambo."

Mrisho akahesabu siku. Kesho kutwa ilikuwa zamu ya Kibiti, na kwapa la shati lake la kuhubiria lilikuwa limechanika.