Blada Niliyoifunga Mwenyewe

Watu wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, wakitaka kunisifu husema nina mdomo. Wakitaka kunisengenya husema hivyo hivyo. Nilikuwa nikikaanga samaki pale bichi, hatua chache kutoka mahali boti zinapotua, na kikundi cha wavuvi kilipopata redio za boti, ile kubwa ya kukaa nchi kavu ililetwa kibandani kwangu kwa sababu nilikuwa na stima na sikuwa mtu wa kuhamahama. Hakuna aliyenipigia kura. Mwenyekiti wa bichi alisema tu kwamba mtu anayesikika ng'ambo ya ziwa bila redio, akipewa redio si atafika hadi Nakuru. Watu walicheka, nami nikacheka, nikaiweka juu ya rafu ya unga na kuifuta vumbi kila asubuhi.

Mwalimu wa redio alitoka pwani, mzee mpole mwenye Kiswahili kilichotufanya sisi wa bara tuone aibu kufungua midomo. Alitufundisha siku mbili. Bonyeza kitufe kwanza, hesabu moja, ndipo uongee. Mtaje unayemwita mara tatu, ujitaje wewe, useme "ova", uachilie, usikilize. Kitu kimoja alikirudia hadi tukachoka: hii si simu. Kwenye simu watu wawili wanaweza kugombana kwa pamoja. Kwenye redio anayebonyeza anaongea tu, hasikii kitu, na akikaa amebonyeza anawafungia njia wote walio kwenye chaneli ile. Sisi chaneli yetu ilikuwa moja, na mwenyekiti alikuwa ameibandika selotepu ili watu wasichezee. Mume wangu aliuliza, sasa kukiwa na hatari mtu pia angojee kujibiwa? Mwalimu akasema hapana, siku ya hatari unasema yote kwa mpigo, kwanza mahali ulipo, hungojei mtu. Tuliandika. Daftari langu ninalo.

Mume wangu alikuwa mtu wa Elburgon, baba yake alipasua mbao maisha yake yote. Mimi ni wa Mau Narok, kwa watu wa viazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa karibu na maji mengi kuliko yale ya pipa. Yeye alikuja Naivasha kutafuta kazi ya maua, akachoshwa na dawa za kupulizia, akaingia ziwani na jirani yetu wa ploti, mwanamume mcheshi mwenye watoto wanne ambaye hadi leo hajui kuogelea. Boti yao ilikuwa ya saba.

Sasa niseme habari ya blada. Redio ndogo za botini mwalimu alituambia haziogopi maji, hata zikianguka ziwani zitaelea. Nani angeamini? Kwetu milimani kitu cha maana kikienda mvuani kinafungwa: kiberiti, kitambulisho, simu, hata barua ya kanisa. Kwa hiyo mimi, mwenye akili nyingi, nilichukua karatasi ya nailoni ya mkate, nikaivisha ile redio mara mbili, nikaizungushia blada, ule mpira wa tyubu ya baiskeli ambao watu wa boda hufungia mizigo. Nilihakikisha mpira haugusi kitufe. Wake wa wavuvi wengine waliona, nao wakafunga za waume zao. Nilijiona fundi. Na ili chaji isiishe, wanaume waliziweka zimezimwa hadi wawe na neno la kusema, jambo ambalo mwalimu pia alilikataza. Tulimsikiliza yule mzee kama watu wanavyosikiliza mahubiri, tukaenda nyumbani tukafanya yetu.

Asubuhi hiyo tuligombana. Ilikuwa twende kwa baba yangu kuvuna viazi, na mume wangu alikuwa ameahirisha mara ya tatu kwa sababu nyavu zilikuwa majini tayari. Nilimwambia mengi, mengine ya kweli. Nilikuwa naifunga redio huku nikiongea, nikivuta blada kwa nguvu kama mtu anayekaza mzigo wa punda, na macho yangu yalikuwa kwake, si kwenye mikono yangu. Alipoingia botini akasema angeniita saa nne. Mbele ya watu wote nikamjibu, "Ita tu. Leo sitakujibu."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini nusu. Hasira hasara, hata mtoto wa nasari anajua kuiimba. Mimi ni mtu mzima.

Saa nne hakuita. Nikasema, sawa, naye amenuna. Ningeweza kumpigia simu, ila simu yake ilikuwa kwangu ikichaji kama kawaida, na ya jirani ilikuwa imelowa wiki iliyotangulia ikafa. Nikaendelea na samaki wangu. Saa nane upepo ukaanza, ule wa kila siku, na boti moja moja zikaanza kurudi. Ya saba haikurudi.

Saa tisa kasoro redio ikaamka. Kwanza nilisikia maji yakipiga mbao, halafu mtu akikohoa, halafu sauti ya mume wangu: "Bichi, bichi, bichi. Hii ni boti ya saba. Ova." Alisema sawasawa, kama alivyofundishwa. Niliruka na mikono yangu ya unga, nikabonyeza, nikahesabu moja, nikasema, boti ya saba, nakusikia, sema. Nikaachilia.

Maji yalikuwa bado yanapiga mbao. Akaniita tena. Nikajibu tena. Mara ya tatu nilijibu kwa ukali, nikidhani ananitania. Nilipoachilia nikamsikia jirani akiuliza kama redio imekufa. Mume wangu akamwambia haijafa, si unaona taa nyekundu inawaka.

Taa nyekundu huwaka wakati mtu amebonyeza tu. Mwalimu alituonyesha, akaizima na kuiwasha mbele yetu mara kumi. Pale ndipo nilielewa ni kwa nini nilikuwa nikisikia maji, na kikohozi, na maneno ambayo hakuna aliyenitumia. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa tangu alipoiwasha. Kilikuwa kimebonyezwa na blada yangu, na mume wangu alikuwa akiachilia kidole akidhani sasa anasikiliza.

Nilipiga kelele. Sijui niiseme vipi vinginevyo. Nilibonyeza nikapiga kelele, toa blada, toa hiyo blada, kata, hadi watu wakakimbia kutoka kwenye mizani ya samaki. Mwenyekiti alikuja akaninyang'anya maiki. Akaniambia taratibu kwamba nikibonyeza mimi, sisi wote hatumsikii yeye, na pengine sasa hivi ametaja mahali alipo. Nilikaa chini kwenye debe la mafuta. Nafikiri kweli alikuwa ametaja. Sitajua.

Tukawa tunasikiliza, kama watu kumi na wawili wamesimama kuzunguka rafu ya unga. Tulielewa kidogo kidogo. Mafunjo yanayoelea, vile visiwa vinavyosukumwa na upepo, yalikuwa yamewafunika kutoka pande mbili, na panga la injini, lile linalozunguka majini kusukuma boti, lilikuwa limejaa mizizi. Mawimbi yalikuwa yanaingia. Mmoja alikuwa anateka maji kwa jeriken iliyokatwa, tulisikia ikikwaruza, kra, kra, bila kupumzika. Mume wangu aliendelea kuita "bichi" mara tatu, kujitaja, kusema "ova", na kungoja. Mtu mtiifu. Hakutaka kusema neno la hatari, nadhani aliona haya mbele ya bichi nzima, na kila alipongoja mimi nilikuwa namjibu kwa midomo bila sauti.

Mwenyekiti alituma boti ya injini kubwa, na kwa kuwa chaneli ilikuwa imefungwa, aliwaongoza kwa simu. Akawauliza, mnaona nini, nao wakamwambia wanaona maji. Nilikimbia hadi mwisho wa gati na leso yangu nikaipunga. Ziwa lilikuwa jeupe kwa upepo na hakukuwa na kitu cha kuonekana, wala mtu wa kuniona. Nikarudi kwa sababu kule hata sauti yake sikuisikia.

Niliporudi walikuwa wanabishana juu ya jaketi la kuokolea. Lilikuwa moja lililobaki zima. Jirani alikuwa anakataa. Mume wangu akamwambia, "Wewe una wanne, mimi nina mmoja. Na mimi naweza kuogelea kidogo. Vaa." Kuogelea kwenyewe alijifunza kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe.

Halafu mwishowe akasema mahali. Alisema wako karibu na pampu ya shamba la maua, ile yenye bomba la bluu. Mwenyekiti akawapigia wale wa injini kubwa, wakageuka. Mimi nilishika mguu wa meza. Nilianza kumshukuru Mungu kabla ya wakati, na nikasikia jirani akicheka kidogo kule botini, na mume wangu akamwambia kitu ambacho bichi nzima ilisikia, nami nikiwa katikati yao na mikono yenye unga uliokauka.

"Yuko hapo," alisema. "Ananisikia. Aliniambia hatajibu, na yule akisema, amesema." Kisha akanisemesha mimi, kwa sauti ya nyumbani, bila kutaja boti wala nini: "Mama, nimekosea. Jumamosi tunaenda kwa mzee wako, nimekubali. Jibu tu. Ova."

Hakuna aliyeniangalia. Wanaume wazima walitazama sakafu. Nilichukua maiki na mwenyekiti hakunizuia, nikabonyeza, nikasema nipo, nimekusamehe, nisamehe, nipo, nipo. Nilijua haifiki. Ningefanya nini?

Wale wa injini kubwa walifika kwenye bomba la bluu na hawakukuta mtu. Kisiwa cha mafunjo kilikuwa kimetembea na upepo, na boti ilikuwa ndani yake. Tuliwasikia kwenye simu wakisema hapa hakuna kitu, na kwenye redio tukasikia kra, kra ya jeriken. Muda si mrefu redio ya botini ikaanza kulia tii, tii, kulalamikia chaji, maana kubonyeza kunakula chaji kuliko kusikiliza, hilo pia liko kwenye daftari. Aliita mara moja zaidi. Kisha kukawa kimya.

Na njia ikafunguka. Nilibonyeza mara moja tu, sijui kwa nini, nikasema boti ya saba, boti ya saba, boti ya saba. Zikanijibu boti nyingine zote zilizokuwa na redio, maana kufikia saa hiyo wote walikuwa wamewasha. Ya pili, ya tano, ya tisa, moja baada ya nyingine, vizuri kabisa, kwa utaratibu: bichi, tunakusikia, ova.

Jirani walimpata kabla ya giza, ameng'ang'ania mafunjo, jaketi limemshikilia shingo. Mume wangu walimpata siku ya tatu. Tulimzika Elburgon, kwenye mvua. Watu waliniambia nina bahati kwamba angalau nilisikia sauti yake, na mara mbili nilitaka kumzaba mtu kofi. Mama mkwe wangu nilimwambia ukweli kabla hajausikia kwa wengine, kwamba ni mimi niliyefunga blada. Akasema, "Ulifunga isilowe." Hajawahi kusema zaidi, na sijui kama hilo lilikuwa msamaha.

Niliporudi Kamere nilichukua kisu cha samaki, nikapita boti hadi boti nikikata blada kwenye kila redio. Hakuna aliyenizuia. Redio ya bichi niliomba ipelekwe kwa mtu mwingine, na iko kwa mtu mwingine.

Jirani alikuja kunitembelea wiki ya pili baada ya mazishi. Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu, nacho nilikuwa naogopa kukiuliza: je, mume wangu alikufa akiamini kwamba nilikuwa pale, namsikia, na nimekataa kumjibu? Sikuhitaji kuuliza. Aliniambia mwenyewe. Alisema baada ya redio kuzima, mume wangu aliitazama akatikisa kichwa, akasema, "Si yeye. Huyo hawezi kuninyima jibu. Ni hii redio." Nililia hadi nikalala, na huo ndio ulikuwa usingizi wangu wa kwanza.

Miezi ilipita. Siku moja jirani alipokuja kula nilimwomba anirudie yale maneno, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuyasahau kwa kuyatumia sana. Akafikiri. Akasema mume wangu alisema, "Mke wangu ameshatuma watu, yuko njiani nao." Nikamwambia lakini mara ya kwanza ulisema alilaumu redio. Akasema ndiyo, hilo pia alisema, kabla. Nikamuuliza kabla ya nini. Akasema kabla ya maji kujaa. Au baada. Mkono wake ulibaki juu ya ugali, haubonyezi tonge wala haurudi nyuma.

Ni mtu mzuri. Yuko hai kwa jaketi la mume wangu, na watoto wake wanne wanaenda shule. Mtu kama huyo, akiulizwa na mjane, atasema nini kingine? Nilimwongezea supu. Alikula akamaliza, akanishukuru, akaenda, na tangu siku hiyo sijamuuliza tena.