Rozina wa Shufwa na Witiri

Fabrice alipoondoka Rusumo, Rozina Malongo alibaki bila mtu wa kuzungumza naye hesabu. Wote wawili walikuwa mawakala wa forodha mpakani, yeye upande wa Tanzania, Fabrice upande wa Rwanda. Mchana, malori yakisubiri kuvuka, walikaa kwenye benchi nyuma ya ofisi wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia shahada ya uzamili ya biashara. Waliufanya pamoja. Fabrice akafaulu, akapata ufadhili, akaenda zake Kanada. Rozina muda ulimwishia maswali yakiwa bado mengi.

Kilichomwangusha ni maswali ya aina moja. Unapewa swali na taarifa mbili, na hutakiwi kutoa jibu. Unatakiwa kusema tu kama taarifa hizo zinatosha kulipata. Rozina, aliyezoea kukokotoa ushuru kutwa nzima, hakuweza kuliacha swali bila kulipigia hesabu.

"Unatafuta x ya nini?" Fabrice alikuwa akimwambia. "Hawajauliza x ni ngapi. Wameuliza kama ni witiri. Tazama tabia yake, basi."

Sasa alisoma peke yake. Ujumbe wake kwa Fabrice mwanzoni ulijibiwa siku hiyo hiyo, baadaye ukasubiri wiki, mwishowe ukajibiwa kwa alama ya dole gumba. Wenzake ofisini walimwona ana maringo, mtu wa kukumbatia kitabu saa ya chakula, nao wakaacha kumwita. Kwenye chumba alichopanga alisoma maswali kwa sauti, angalau asikie mtu akiongea.

Pasaka akaenda kwao Nyantakara. Alimkuta mama yake uani akipukuchua mahindi. Akamwamkia, akaketi kumsaidia, na bila kukusudia akaanza kumsimulia. Kuna x na y, zote namba nzima. Wanauliza, je, x ni witiri? Taarifa ya kwanza inasema nne mara x, ukijumlisha y, unapata witiri. Lakini nne mara namba nzima yoyote ni shufwa, kwa hiyo y ndiyo witiri, na x bado huijui. Haitoshi. Ya pili inasema x mara y ni witiri. Hapo, kama mojawapo ingekuwa shufwa, jibu lingekuwa shufwa. Basi zote ni witiri. Hiyo inatosha yenyewe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na hesabu za namna ile hakuwahi kuzisikia.

"Umeeleza vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa huko Rusumo haya unamweleza nani?"

Rozina akasema wapo watu wa kazini. Wakaendelea kupukuchua, na Rozina akagundua kwamba swali lote amelimaliza bila kuweka namba hata moja mahali pa x.

Tangu hapo akawa anasoma hivyo, kana kwamba anamweleza mtu: sifuri usiisahau, nayo ni shufwa, hasi ikizidishwa kwa hasi inakuwa chanya. Miezi ikapita, akapanda basi kwenda Dar es Salaam kurudia mtihani.

Safari hii alimaliza kabla ya muda. Alama zilipotokea kwenye kompyuta zilimtosha, na zikabaki. Nje, vijana aliofanya nao mtihani walikuwa wakikumbatiana na waliokuja kuwasubiri. Rozina akapita kando yao. Alimpigia Fabrice, simu ikaita hadi ikakata. Alipompigia mama yake, mama akapiga kigelegele, kisha mtandao wa Nyantakara ukapotea.

Akaingia kwenye mgahawa karibu na stendi, akaagiza wali na samaki. Mhudumu akamuuliza kama kuna mwenzake anayekuja, aweke sahani mbili.

"Hapana," Rozina alisema. "Ni mimi tu."

Akala polepole, akamaliza chote, kisha akaenda kukata tiketi ya kurudi Rusumo.